Kabla ya kugusa sindano za kabureta, fungua klachi: uzi wa magari ya nitro, Nakuru hadi Kisumu

Fundi_wa_Lanet

Wadau, hamjambo. Mwezi huu pekee nimeletewa bagi tatu za nitro, yale magari madogo ya rimoti yenye injini ya mafuta, hapa mezani kwangu Lanet. Wa kwanza alisema injini inazima kila akishika breki. Wa pili alisema gari limechoka, linapiga kelele nyingi lakini haliendi. Wa tatu alisema lake linatembea lenyewe triga ya rimoti ikiwa haijaguswa. Wote walikuwa wamezungusha sindano za kabureta, zile skrubu za kupimia mafuta, hadi hawakumbuki zilianzia wapi, na mmoja alikuwa tayari anatafuta pistoni na silinda mpya. Injini zote tatu zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye klachi.

Jambo hili linaniuma. Injini ya 3.5 cc ni ghali kwetu, vipuri vyake tunavisubiri wiki na wiki, halafu mtu anaiunguza kwa kuibana mafuta ilhali kilichokufa ni beringi isiyofika upana wa ukucha wa kidole gumba. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu. Mwenye swali aulize hapa hapa.

Kwa aliyeingia mchezoni jana: mhimili wa injini unatoka nje ukiwa na koni ya shaba, juu ya koni linakaa gurudumu zito, na gurudumu hilo lina vijiti vitatu au vinne vinavyobeba viatu, yaani vipande vya kusugua. Kila kiatu kina sipringi yake inayokivuta ndani. Juu ya vyote inakaa kengele ya chuma yenye gia ndogo mgongoni, kwenye bagi nyingi za 1/8 (moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi) ni ya meno 13, nayo inaelea juu ya beringi mbili. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila triga kuvutwa, sipringi zinashinda, kengele inakaa kimya. Ukivuta triga, viatu vinarushwa nje, vinasugua ukuta wa kengele na gari linaondoka.

Ukitaka kuiona kwa ukubwa, mtazame kijana anayekata nyasi kando ya barabara kuu kwa mashine ya begani. Ikinguruma polepole kisu kimesimama, akiongeza mafuta kisu kinazunguka. Ni klachi ya ukoo huo huo, na msumeno wa mnyororo nao ni hivyo. Ya pikipiki ya Boxer msiilinganishe na hii. Ile ni ya sahani zilizolowa oili na inafunguliwa kwa mkono.

Sasa shikeni jambo moja. Nguvu inayorusha viatu haipandi sawa na mizunguko, inapanda kwa kipeo cha pili: mizunguko ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo kuna mahali ambapo klachi inaamka ghafla, na kazi yako yote ya kuitengeneza ni kuchagua mahali hapo. Ikiamka mapema mno, injini inakabidhiwa mzigo kabla haijasimama vizuri na inakabwa. Ikichelewa mno, viatu vinasugua bila kushika, kengele inapata moto hadi inageuka rangi ya buluu, na moto huo unakausha grisi ya beringi.

Sipringi zinauzwa kwa unene wa waya: 0.9, 1.0 na 1.1 mm. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini ugumu wa waya wa sipringi unakwenda kwa kipeo cha nne cha unene wake, hivyo ya 1.1 ni ngumu karibu mara moja na nusu kuliko ya 1.0 yenye umbo lile lile. Mtu anayechanganya mbili za 1.0 na moja ya 1.1 kwa sababu "zinafanana" amejitengenezea klachi ya kiatu kimoja kivivu na viwili vyenye haraka. Nunua seti, tumia seti, tupa seti.

Na sisi wa Nakuru tuna letu la ziada. Mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani. Injini inapumua hewa hafifu, kwa hiyo nguvu yake ya chini imepungua kabla hujagusa chochote. Zile karatasi za vipimo vya Ulaya mnazopakua zimeandikwa na watu wanaokimbiza magari karibu na usawa wa bahari. Ukiweka sipringi zao hapa, klachi inashika wakati injini yetu bado inahema. Mimi kwa viatu vya alumini napanda saizi moja ya sipringi juu ya kile kilichoandikwa, na kama gari bado linakabwa nabadilisha gia ya kengele kutoka meno 13 hadi 12. Baada ya hapo ndipo nashika bisibisi ya kabureta.

Msukani_Kondele

Ndugu Fundi, asante sana kwa uzi. Mimi niko Kisumu na huyo wa tatu ni kama unanisema mimi. Bagi ya 1/8, viatu vitatu vya alumini, sipringi 1.0. Nikiiwasha ikiwa juu ya stendi, magurudumu yanazunguka moja kwa moja. Nikiishusha inatambaa. Nikishika breki, inazima. Nimepunguza sailensa mpaka sasa haiwezi hata kusimama dakika moja bila kuzima. Kuna mtu aliniambia nibadilishe plagi, nimebadilisha mbili. Nifanye nini?

Fundi_wa_Lanet

Msukani, pole. Kwanza jua kwamba magurudumu kuzunguka polepole ukiwa kwenye stendi si ugonjwa. Grisi ya beringi inatosha kuburuta kengele kidogo ikiwa haina mzigo. Yashike kwa mkono wenye glavu. Yakisimama na injini ikaendelea bila kushtuka, uko salama. Yakipigana na mkono wako au injini ikaanza kufa, kengele imeunganishwa na gurudumu zito pasipostahili.

Na hapo kuna sababu tatu tu ninazozijua. Beringi imekufa na inaivuta kengele pamoja na mhimili. Au sipringi imevunjika na kiatu kimoja kiko nje muda wote. Au hakuna nafasi ya kutosha na kengele inabanwa na skrubu ya mbele. Breki kuzima injini ni dalili ile ile: breki inasimamisha magurudumu, magurudumu yanasimamisha kengele, kengele inasimamisha mhimili. Plagi haihusiki hata kidogo.

Zima, acha ipoe, sogeza injini nyuma ili gia ziachane, kisha zungusha kengele kwa kidole kimoja. Inapaswa kuteleza kama siagi. Ukisikia punje, kama unga wa mahindi umeingia ndani, umeshapata jibu. Halafu ivute na kuisukuma kwa urefu wa mhimili. Nafasi ya 0.1 hadi 0.3 mm ndiyo nayoiacha mimi, unaisikia kuliko unavyoiona. Ikiwa haichezi kabisa, chuma kikipata joto kitatanuka na kubana. Ondoa wosha nyembamba moja, ya 0.1, ujaribu tena. Ikicheza sana, ongeza.

Fungua utuambie.

Mama_wa_Milimani

Habari zenu. Mimi si mchezaji, nina kijana wa kidato cha pili aliyenunuliwa gari hili na mjomba wake likiwa limetumika. Amesoma hapa na sasa anataka kulifungua. Tena rafiki yake amemwambia sipringi zikiwa legevu anaweza kuzikunja kwa koleo ziwe ngumu. Ni kweli? Na je, ni kazi ya kumwachia mtoto?

Fundi_wa_Lanet

Mama, karibu sana, na umeuliza vizuri. Kukunja sipringi kwa koleo kunabadilisha kweli nguvu yake, lakini huwezi kuzikunja tatu zikalingana, na pale ulipoikunja ndipo itakapovunjikia. Ikivunjika katikati ya mbio kipande kinasagwa kati ya kiatu na kengele. Mwambie asifanye hivyo. Seti mpya ni nafuu kuliko kengele.

Kazi yenyewe anaiweza, na itamfundisha mengi, ila uwe karibu naye mara ya kwanza kwa ajili ya mafuta. Mafuta ya nitro ni methanoli, nitromethani na oili. Methanoli ni sumu ukiimeza na inapenya ngozi, na ikiwaka mchana moto wake karibu hauonekani, mtu anaungua bila kuona mwali. Tangi liwe limemwagwa kabla ya kufungua, plagi iwe imetolewa, kazi ifanyike nje au dirisha likiwa wazi, glavu mkononi, na chupa ya mafuta isifanane hata kidogo na chupa ya maji ya kunywa.

Na jambo la pili, hili nawaambia wote kwa herufi nzito: usizuie mhimili kwa kuingiza bisibisi kwenye tundu la ekzosti ili nati ya klachi ifunguke. Kunasa pistoni namna hiyo kunaitia kovu, na silinda pia. Shika lile gurudumu zito kwa spana yake maalumu. Usipokuwa nayo, likamate kwa kipande cha ngozi ya mkanda na koleo kubwa. Mimi niliwahi kuua injini nzima kwa bisibisi moja, na tangu siku hiyo spana ya gurudumu haitoki kwenye sanduku langu.

Mwalimu_Kakamega

Ndugu Fundi, nakuheshimu lakini kwa sipringi ngumu sitakubaliana nawe kirahisi. Sisi huku tuko karibu mita 1,500, na tunakimbilia kwenye maramu nyekundu yenye kokoto juu. Nikiweka 1.1 na alumini tupu, klachi inachelewa kisha inashika yote kwa mpigo, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na gari linageuka kinyumenyume kwenye kona. Ninachofanya: viatu vinne, viwili vya alumini na viwili vya kaboni, vikiwa vimetazamana kwa jozi, sipringi 1.0 zote. Kaboni inateleza kwa upole, alumini inamalizia kazi. Gari linaondoka kama ng'ombe wa maziwa anayejua njia ya nyumbani.

Pia hujagusa suala la upande wa kugeuza viatu. Nusu ya matatizo niliyoyaona ni watu waliovifunga kinyume bila kujua.

Fundi_wa_Lanet

Mwalimu, hapo umenisaidia na nitarekebisha kauli yangu. Niliongea kana kwamba mshiko wa ardhi ni mmoja kila mahali. Kiwanja tunachochezea huku ni udongo ulioshindiliwa, magurudumu yanashika, kwa hiyo kinachokabwa ni injini. Kwenu kinachoachia ni ardhi, kwa hiyo klachi laini ina haki yake. Mwinuko unakuambia injini ina nguvu kiasi gani, ardhi inakuambia unaweza kuitumia kiasi gani. Viwili hivyo lazima visomwe pamoja.

Juu ya upande wa viatu: kiatu kina ncha yenye tundu la kijiti na ncha iliyo huru. Klachi inapozunguka, ncha huru ikitangulia mbele ya kijiti, msuguano unakisukuma kiatu zaidi ndani ya ukuta, kinajiuma chenyewe kama kiatu kinachotangulia kwenye breki za ngoma. Kinashika kwa ukali na kinaisha haraka. Ncha huru ikifuata nyuma ya kijiti, msuguano unakirudisha kidogo, mshiko unakuwa wa taratibu na unaoweza kuutabiri. Bagi nyingi za 1/8 zimekusudiwa viatu vifuate. Kwa hiyo kabla ya kutoa kiatu cha kwanza piga picha kwa simu. Mtu akikuletea gari linalorukaruka likiondoka na viatu vimekwisha baada ya galoni moja, tazama hapo kabla ya pengine popote.

Kijana_wa_Njoro

Mimi swali langu ni fupi. Nitajuaje kiatu kimekwisha? Na kengele yenye buluu natupa?

Fundi_wa_Lanet

Kiatu kinapoisha kinakuwa chepesi na safari yake ya kufika ukutani inakuwa ndefu, kwa hiyo sipringi inakunjwa zaidi. Vyote viwili vinachelewesha klachi. Ndiyo sababu gari lililokuwa sawa Januari linakuwa vivu Aprili bila mtu kulibadilisha, na mwenyewe anaanza kulaumu injini. Mimi natupa kiatu mara waya wa sipringi unapoanza kukaribia ukuta wa kengele. Waya ukigusa, utachimba mfereji na kengele imekwenda.

Buluu peke yake si hukumu ya kifo. Inasema klachi imeteleza sana. Pitisha ukucha ndani: ukikwama kwenye mfereji, au umbo limekuwa la koni badala ya bomba, tupa. Ikiwa ni laini lakini inang'aa kama kioo, pitisha msasa namba 400 kwa kuzungusha mpaka ung'avu ufifie, futa kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Na tazama meno ya gia. Yakichongoka kama ya papa, yatakula gia kubwa pia, hivyo usihurumie.

Kwa kuwa uko Njoro, nikuambie habari ya vumbi letu. Hili si vumbi la kawaida. Eneo hili ni la udongo wa majivu ya volkeno, na pale Kariandusi karibu na Gilgil wanachimba diatomaiti, unga mlaini ambao viwandani unatumika hata kung'arishia. Waliokwenda kutazama Safari Rally Naivasha wameona fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga, inavyofunika gari zima. Unga wa namna hiyo ukiingia kwenye beringi inayozunguka makumi ya maelfu kwa dakika, hauhitaji siku nyingi.

Hapo kuna uamuzi mgumu kidogo. Beringi za kengele za bagi nyingi ni 5 kwa 10 kwa 4 mm, na duka la beringi litazijua kwa namba MR105. Zenye kifuniko cha mpira zinazuia vumbi vizuri, lakini joto la kengele linaweza kuupika mpira. Zenye kifuniko cha chuma zinavumilia joto, lakini vumbi linapenya pembeni. Mimi hapa Nakuru natumia za mpira na kuzibadilisha mapema, kabla hazijalalamika, kwa sababu klachi yangu haitelezi sana. Ningekuwa na klachi laini kama ya Mwalimu, inayozaa joto, ningechukua za chuma na kuzisafisha kila siku ya mchezo. Mara moja niliuziwa beringi za saizi sahihi zisizo na kifuniko upande mmoja, nikazifunga kwa haraka. Hazikumaliza mchana.

Mchezaji_wa_Lami

Sisi wa lami mmetusahau. 1/10, injini ya 2.11 cc, klachi ya Centax.

Fundi_wa_Lanet

Hamjasahauliwa, ila hiyo ni mashine nyingine na inastahili uzi wake. Kwa ufupi: hapo kiatu ni kimoja, cha umbo la pete, na kinasukumwa kwenda mbele na vizito vidogo badala ya kurushwa pembeni. Sipringi moja inakaza kwa nati, kwa hiyo unabadilisha mahali pa kushika bila kununua chochote. Kinachoamua ni nafasi kati ya kiatu na kengele. Anzia karibu 0.6 mm, pima kwa kalipa, usikisie kwa jicho. Ile beringi ya msukumo ina pete mbili ambazo matundu yake yanatofautiana kidogo. Ukizibadilishana imekufa siku hiyo hiyo.

Mama_wa_Milimani

Kijana amefungua, na mimi nimekaa naye. Spana tumeazima. Koni ya shaba haikutoka hadi tulipogonga kidogo. Sasa anauliza gia zikae karibu kiasi gani wakati wa kurudisha injini.

Fundi_wa_Lanet

Hongera kwake, Mama. Akate mkanda mwembamba wa karatasi ya daftari, auweke kati ya gia mbili, aisukume injini hadi zibane karatasi, akaze skrubu, kisha azungushe mkanda utoke. Utoke umekunjamana kama kwato zimeupitia, lakini haujachanika. Ajaribu sehemu tatu au nne za gia kubwa, maana haikosi kuyumba kidogo, na achukue pale inapobana zaidi kuwa kipimo chake. Ikikazwa mno, mzigo unahamia kwenye beringi za kengele na beringi za injini. Ikilegea, meno yanaliwa.

Skrubu za injini na ile ya mbele ya kengele zifutwe oili kwa spiriti kabla ya tone la gundi ya nati. Gundi haishiki kwenye oili. Skrubu ya mbele ikitoka, kengele inaruka ikiwa na kasi yote ile.

Msukani_Kondele

Wadau, nimerudi. Nimefungua jana jioni. Beringi ya ndani ilikuwa imekwama kabisa, kifuniko kimeungua, vigololo viwili vimetoka na kimoja sikukipata. Wosha ya nyuma ilikuwa mbili badala ya moja, kwa hiyo kengele haikuwa na nafasi yoyote, nadhani ndiyo iliyoiua. Nimepata MR105 za chuma kwa muuzaji wa beringi hapa mjini, nikaacha nafasi ndogo kama ulivyosema, nikarudisha sailensa ilipokuwa zamani. Leo asubuhi nimemaliza tangi mbili bila kuzima hata mara moja. Nimeshika breki za nguvu makusudi, inanguruma tu.

Shida iliyobaki: baada ya tangi la pili klachi inaanza kuchelewa kidogo. Huku saa saba mchana jua ni kali na hewa nzito. Nikipima joto la kengele kwa kile kipimajoto cha paji la uso kinaandika kosa.

Fundi_wa_Lanet

Nimefurahi sana, Msukani. Kile cha paji la uso kimetengenezwa kwa homa, kikifika arubaini na kitu kimefika mwisho. Tafuta cha mafundi wa friji, kinachozidi nyuzi 200. Kwa sasa tumia tone la maji kwenye kichwa cha injini, karibu na plagi: likikauka kwa sekunde tatu hadi tano, injini yenyewe haijazidi joto.

Kuchelewa baada ya kupata moto kunaniambia viatu vinateleza. Ninyi mko karibu mita 1,130, hewa yenu ni nzito kuliko yetu, injini ina nguvu zaidi ya kuvishinda viatu. Kabla ya kununua chochote fungua tena, tazama kama oili kutoka beringi ya mbele ya injini imefika ndani ya kengele. Ikiwa pakavu, piga msasa viatu na kengele, kisha ukimbie tangi mbili nyingine saa ile ile ya saba. Ikiwa pamelowa, usihangaike na viatu. Nitumie injini kwa matatu ya asubuhi, na uandike juu ya boksi sindano zimefunguliwa mizunguko mingapi, ili nikirudisha zikae pale pale ulipoziacha.